"Haya maneno ni ya nani?" Kutaja vyanzo, mtego unaowanasa wanafunzi wetu ughaibuni

Na Mwandishi Wetu

Karatasi yetu ya kwanza tuliyoiandika katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza ilirudi bila ya alama. Hapakuwa na kosa la sarufi lililozungushiwa wino, wala hapakuwa na neno la sifa. Pembeni mwa ukurasa wa tatu mwalimu aliandika sentensi moja tu: "Haya maneno ni ya nani?" Chini yake akatutaka tufike ofisini kwake Jumatatu saa nne asubuhi.

Tulikwenda tukiwa na mshangao. Hatukununua karatasi ile, wala hatukumpa mtu mwingine atuandikie. Tulikaa maktaba wiki mbili nzima, tukasoma vitabu, tukachagua maneno yaliyo bora kuliko yetu na kuyapanga vizuri. Tulidhani tumefanya kazi ya kupigiwa mfano. Mwalimu akafungua kitabu kilichokuwa mezani, akaweka kidole juu ya aya moja, kisha akaweka kidole kingine juu ya karatasi yetu. Maneno yalikuwa yale yale, na jina la mwenyewe halikuwepo. Alitupa wiki mbili tuandike upya, lakini akatuambia wazi kwamba lau tungekuwa mwaka wa mwisho, shauri letu lingekwenda moja kwa moja mbele ya kamati ya nidhamu.

Tunalisimulia hili kwa sababu hatukuwa wa kwanza, na tunajua hatutakuwa wa mwisho. Kila mwaka vijana kutoka Unguja, Pemba, Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi wanaingia katika vyuo vya Uingereza, Marekani, Kanada na nchi za Ghuba. Wengi wao ni hodari kwelikweli. Kinachowaangusha si uchache wa akili bali ni kanuni moja ambayo hakuna aliyewaeleza kabla hawajapanda ndege: kwamba kila wazo, takwimu au maneno yaliyochukuliwa kwa mtu mwingine lazima yatajwe yametoka wapi. Katika makala haya tunakusudia kuieleza kanuni hiyo kwa lugha yetu, kwa manufaa ya walioko huku na walioko nyumbani.

Tulikotoka

Kwanza tuseme ukweli kuhusu malezi yetu ya skuli. Wengi wetu tulisoma katika madarasa ambamo kitabu kilikuwa kimoja kwa wanafunzi wengi. Mwalimu aliandika ubaoni au alisoma kwa sauti, nasi tukanakili neno kwa neno. Siku ya mtihani, aliyerudisha maneno ya mwalimu bila ya kupoteza hata koma ndiye aliyepata alama za juu. Hakuna aliyetutaka tuandike kwamba maneno haya yametoka katika kitabu cha fulani, ukurasa wa fulani. Kurudia yaliyosemwa na mkubwa kulikuwa ni adabu, na kuyabadilisha kungeonekana ni ujuba.

Kijana aliyelelewa hivyo anapofika chuo kikuu cha ughaibuni anafanya kile kile kilichompa sifa nyumbani, na huku anaitwa mwizi. Neno linalotumika katika Kiswahili ni wizi wa kitaaluma, na ni neno zito. Ndiyo maana tunasema kwamba jambo hili halitoshi kukemewa tu, linahitaji kufundishwa.

Wala isidhaniwe kwamba kutaja chanzo ni desturi ya kigeni tunayolazimishwa. Aliyesoma chuoni anajua kuhusu isnadi, ule msururu wa wapokezi ambao bila ya huo hadithi haikubaliwi. Imamu Bukhari, aliyeishi kati ya mwaka 810 na 870, alisafiri nchi nyingi ili kuhakikisha nani kasikia kwa nani. Katika fasihi yetu pia, watunzi wengi wa tenzi za kale waliacha majina na tarehe zao ndani ya kazi zao. Mwana Kupona alipoutunga utendi wake kwa ajili ya binti yake mwaka 1858, hakuwaacha wasomaji wabahatishe mtunzi ni nani wala ulitungwa lini. Na hata katika mazungumzo ya barazani, Mswahili hatumii methali bila ya kusema "wahenga wamenena". Huko nako ni kutaja chanzo. Tulichokipoteza tumekipoteza njiani, na leo tumefika mahali ambapo habari nzito inasambazwa kwenye simu ikiwa na maneno "kama ilivyopokewa" tu, bila ya kujulikana imepokewa kwa nani.

Adhabu yake si ya mzaha

Katika vyuo vingi vya Uingereza makosa haya hupimwa kwa daraja. Aliyesahau kuweka alama za kunukuu mahali pawili patatu katika mwaka wa kwanza huhesabiwa ameandika vibaya, hupunguziwa alama na kupewa onyo. Aliyenakili kurasa nzima, au aliyenunua kazi, huhesabiwa amefanya udanganyifu. Huyo anaweza kupewa sifuri, kurudishwa mwaka, au kufukuzwa.

Kwa mwenyeji, kufukuzwa ni aibu na hasara ya fedha. Kwa mwanafunzi aliyeingia kwa viza ya masomo, ni zaidi ya hayo. Chuo kinachomdhamini kinawajibika kuiarifu idara ya uhamiaji kwamba mwanafunzi huyo hayumo tena katika masomo, na ruhusa yake ya kukaa nchini hukatishwa. Marekani nayo ina utaratibu unaofanana na huo. Hapo ndipo mchango wa ukoo mzima, shamba lililouzwa na mkopo wa mjomba vinapopotea kwa sababu ya aya mbili zisizokuwa na jina la mwenyewe.

Wakubwa walioanguka

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wanyonge peke yao. Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg alikuwa waziri wa ulinzi na mmoja wa wanasiasa waliopendwa sana nchini humo. Mwezi Februari 2011 iligundulika kwamba tasnifu yake ya udaktari katika sheria ilikuwa na sehemu nyingi zilizonakiliwa. Hata maneno ya mwanzo kabisa ya utangulizi yalitoka katika makala ya gazeti. Watu wa kujitolea waliikagua tasnifu hiyo kupitia intaneti, ukurasa baada ya ukurasa, na kukuta wizi katika zaidi ya asilimia 90 ya kurasa. Chuo Kikuu cha Bayreuth kikamvua shahada, na tarehe 1 Machi 2011 akajiuzulu.

Waziri wa elimu wa nchi hiyo hiyo, Annette Schavan, alikuwa miongoni mwa waliosema hadharani kwamba wameona aibu kwa yaliyomkuta mwenzao. Miaka miwili baadaye zamu yake ikafika. Februari 2013 Chuo Kikuu cha Düsseldorf kilimvua shahada ya udaktari aliyoipata mwaka 1980, na siku chache baadaye naye akaondoka madarakani. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka 30. Rais wa Hungary, Pál Schmitt, alijiuzulu Aprili 2012 kwa sababu kama hizo.

Hata Martin Luther King, ambaye heshima yake haina shaka, hakusalimika. Mwaka 1991 kamati ya Chuo Kikuu cha Boston ilithibitisha kwamba tasnifu yake ya mwaka 1955 ilikuwa na sehemu alizochukua kwa wengine bila ya kuwataja ipasavyo. Hakuvuliwa shahada, lakini barua inayoeleza hayo iliambatanishwa na nakala ya tasnifu iliyoko maktaba. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Katika elimu njia hiyo inaweza kuwa ndefu, lakini mwisho wake ni ule ule, na maandishi hayafutiki.

Nini kitajwe, nini kisitajwe

Swali tunaloulizwa mara kwa mara na vijana ni hili: je, nitaje kila kitu? Jibu ni hapana. Mambo yanayojulikana na kila mtu, na ambayo hakuna anayeyabishia, hayahitaji chanzo. Ukiandika kwamba Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Disemba 1961, au kwamba Mapinduzi ya Zanzibar yalitokea tarehe 12 Januari 1964, hakuna atakayekuuliza umeyatoa wapi. Lakini ukiandika ni watu wangapi waliouawa katika Mapinduzi hayo, hapo ni lazima utaje, kwa sababu idadi zinazotolewa zinatofautiana mno na kila moja ina mwenyewe. Msomaji ana haki ya kujua umeichukua kwa nani, ili naye aamue kama mtu huyo anaaminika.

Kwa ufupi, taja chanzo unapotumia maneno ya mtu, wazo lake, takwimu zake, picha, ramani au jedwali lake, na pale unapotoa dai ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulipinga.

Zipo njia mbili za kutumia kazi ya mtu. Ya kwanza ni kunukuu, yaani kuchukua maneno yenyewe kama yalivyo, kuyatia ndani ya alama za kunukuu na kutaja mwandishi, mwaka na ukurasa. Ya pili ni kueleza wazo kwa maneno yako mwenyewe, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Tutoe mfano wa kubuni. Tuseme mwandishi tutakayemwita Fulani ameandika mwaka 2001, ukurasa wa 45, hivi: "Zao la karafuu liliibadilisha Pemba kwa sababu lilihitaji ardhi kubwa na wafanyakazi wengi wa msimu."

Mwanafunzi anaandika: "Kilimo cha karafuu kiliigeuza Pemba kwani kilitaka ardhi kubwa na vibarua wengi wa msimu." Amebadilisha maneno manne matano, mifupa ya sentensi ni ile ile. Huo ni wizi, na ni wizi hata akitaja jina la Fulani mwishoni, kwa kuwa anamfanya msomaji aamini kwamba sentensi ni yake.

Njia sahihi ni kusoma aya, kufunga kitabu, kufikiri, kisha kuandika kama unayemsimulia ndugu yako. Kwa mfano: "Fulani (2001, uk. 45) anaona kwamba mabadiliko ya Pemba hayawezi kuelezwa bila ya mkarafuu, zao ambalo mavuno yake yalidai mikono mingi kwa wakati mmoja." Wazo ni la Fulani na ametajwa, maneno ni ya mwanafunzi, na mlango uko wazi kwa mwanafunzi kuendelea kusema yeye mwenyewe anaona nini.

Jambo jingine ni kutaja kitabu ambacho hukukisoma. Umesoma kitabu cha Ali, ndani yake Ali amemnukuu Juma. Usiandike kwamba umemsoma Juma. Andika Juma, kama alivyonukuliwa na Ali, na katika orodha ya marejeo mtaje Ali peke yake. Kama Ali alikosea kumnukuu Juma, kosa litabaki kuwa lake.

Na ndugu wawili wanaokaa nyumba moja na kusoma somo moja watahadhari. Kupeana karatasi "uangalie tu nilivyopanga" kumewaponza wengi, kwani aliyetoa na aliyepokea wote huitwa mbele ya kamati. Halikadhalika, kuwasilisha karatasi yako mwenyewe uliyokwishaipatia alama katika somo jingine ni kosa, mpaka uombe ruhusa.

Mitindo ni mingi, chagua wako

Hakuna mtindo mmoja wa dunia nzima. Mtindo wa kutaja mwandishi na mwaka ndani ya mabano, unaojulikana kama Harvard, huhusishwa na makala ya mwaka 1881 ya mtaalamu wa wanyama wa chuo hicho, Edward Laurens Mark. Vyuo vingi vya Uingereza vinautumia, kila kimoja kwa namna yake. Chama cha wanasaikolojia wa Marekani kilichapisha mwongozo wake wa kwanza mwaka 1929, ukiwa na kurasa saba tu, na leo mtindo huo wa APA uko katika toleo la saba la mwaka 2019. Wanafunzi wa fasihi nchini Marekani hutumia MLA, ambao hutaja jina na ukurasa bila ya mwaka. Wanahistoria wengi hupenda mtindo wa Chicago, ambao kitabu chake kilitoka mara ya kwanza mwaka 1906, kwa sababu unaruhusu tanbihi chini ya ukurasa. Wanaosoma udaktari wa tiba hukutana na mtindo wa Vancouver wa kutumia namba, na wanaosoma sheria Uingereza hukutana na OSCOLA.

Kitabu kimoja huandikwa tofauti katika kila mtindo. Chukua riwaya ya Kezilahabi. Kwa Harvard utaandika: Kezilahabi, E. (1971) Rosa Mistika. Nairobi: East African Literature Bureau. Kwa APA ya sasa utaacha mji wa uchapishaji, kwani toleo la saba limeuondoa. Tofauti ni ndogo, lakini anayechanganya huku na huku katika orodha moja hupoteza alama. Mwanafunzi anayetumia Kamusi ya Kiswahili Sanifu naye ajue kwamba mwandishi hapo ni taasisi: aandike TUKI, mwaka, na toleo alilolitumia, kwa sababu toleo la 1981 si sawa na la 2004.

Kuna pia wanaochanganya marejeo na bibliografia. Marejeo ni orodha ya kazi ulizozitaja ndani ya karatasi, moja baada ya moja, bila ya kuzidi wala kupungua. Bibliografia inaweza kuwa na kazi nyingine ulizozisoma zikakusaidia ingawa hukuzitaja. Kurefusha orodha ya marejeo kwa vitabu ambavyo hukuvifungua ni hila ya zamani, na walimu wanaijua.

Majina yetu ndani ya kanuni zao

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo vitabu vya miongozo huliwekea maneno machache. Kanuni hizi zimejengwa juu ya mtu mwenye jina lake na jina la ukoo. Majina mengi ya kwetu hayako hivyo. Jina la pili ni la baba, la tatu ni la babu. Shaaban Robert alikuwa Shaaban, na Robert ni jina la baba yake, lakini kwa kanuni hizi anakuwa "Robert, S.". Ndiyo maana mwandishi huyo mmoja unaweza kumkuta chini ya herufi R katika orodha moja na chini ya S katika orodha nyingine.

Tatizo huzidi kwa majina yanayofanana. Mohamed Suleiman Mohamed ndiye aliyeandika Kiu, na Said Ahmed Mohamed ndiye aliyeandika Utengano. Wote ni Wazanzibari, wote ni waandishi wa riwaya. Ukiandika "Mohamed" peke yake hujasema kitu. Andika herufi za mwanzo za majina yote, na inapokuwa lazima andika jina kamili. Ushauri wetu ni huu: angalia mwandishi mwenyewe anavyojiandika katika kazi zake, fuata mtindo uliopewa na chuo, na ukishachagua njia moja usibadilishe mpaka mwisho wa karatasi.

Suala la tafsiri nalo ni letu hasa. Mwanafunzi anayeandika kwa Kiingereza akitumia kitabu cha Kiswahili hutafsiri mwenyewe, kisha hutia alama za kunukuu. Kwa kanuni za APA hilo ni kosa: tafsiri uliyoifanya mwenyewe huhesabiwa kuwa ni maelezo kwa maneno yako, hivyo unataja chanzo bila ya alama za kunukuu. Na katika orodha, jina la kitabu liandikwe kwa Kiswahili kama lilivyo, likifuatiwa na tafsiri yake ndani ya mabano ya mraba. Usiache kukitumia kitabu cha Kiswahili kwa kuogopa usumbufu huo. Kitabu kisichotajwa huonekana kama hakikuandikwa.

Bibi wa kijijini naye ni chanzo

Wengi wa vijana wetu huandika juu ya kwao: ngoma, uvuvi, tiba za asili, unyago, mashairi, historia ya kijiji. Wanarudi likizo, wanakaa na wazee, wanaandika. Kisha katika tasnifu tunasoma "mzee mmoja alisema" au "inaaminika kwamba". Mwandishi wa Kizungu aliyepita kijijini siku tatu anatajwa kwa jina, mwaka na ukurasa. Bibi aliyeishi humo miaka 80 anabaki kuwa "mtoa habari".

Jambo hili linatuuma. Kanuni zenyewe hazikatazi kumtaja. Katika APA mazungumzo na mtu binafsi hutajwa ndani ya matini kwa jina lake na tarehe kamili, ingawa hayaingii katika orodha ya marejeo kwa sababu msomaji hawezi kuyafuatilia. Mtindo wa MLA huyaruhusu hata katika orodha. Toleo la saba la APA limekwenda mbele zaidi na kutoa mwongozo juu ya elimu ya mapokeo ya wenyeji, ili wenye elimu hiyo wapewe haki yao.

Sharti ni moja: omba idhini kwanza. Mweleze mzee kwa lugha anayoifahamu kwamba jina lake litaandikwa, na litasomwa na watu asiowajua. Wapo watakaofurahi. Wapo watakaokataa kwa sababu za siasa au za kifamilia, na hao ni lazima walindwe. Muhimu ni kwamba waulizwe.

Intaneti na akili mnemba

Ukurasa wa intaneti hutajwa kama kitabu: mwandishi, tarehe, kichwa cha habari, jina la tovuti, anwani yake, na katika mitindo mingi tarehe uliyoisoma. Tarehe hiyo haikuwekwa bure, kwani kurasa hufa. Yahoo ilipoifunga Geocities mwaka 2009, kurasa nyingi za watu binafsi zilitoweka kwa siku moja. Ukiona ukurasa muhimu, hifadhi nakala katika Wayback Machine, inayoendeshwa bila ya malipo na Internet Archive. Makala za majarida mengi siku hizi zina namba ya kudumu iitwayo DOI, na hiyo ni bora kuliko anwani ya kawaida.

Tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba 2022, limeingia balaa jipya. Programu hizi huweza kutunga marejeo yasiyokuwepo: jina la mwandishi linalovutia, jarida la kweli, mwaka na kurasa, na makala yenyewe haipo duniani. Mwezi Juni 2023 jaji mmoja wa New York aliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hukumu sita zilizobuniwa na programu hiyo. Ikiwa mawakili wazoefu wameingia mtegoni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atatokaje? Kanuni yetu ni nyepesi: usitaje kitu ambacho hukukifungua kwa mkono wako.

Upande wa pili nao una dhulma yake. Programu za kugundua maandishi ya akili mnemba hukosea. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 ulijaribu programu saba kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kimakosa kuwa zimeandikwa na mashine. Kijana wetu anayeandika Kiingereza chepesi na safi anaweza kutuhumiwa bila ya kosa. Kinga yake ni kuhifadhi kila rasimu, madokezo yake, na picha za kurasa alizozisoma, ili siku akiulizwa awe na la kuonyesha. Vivyo hivyo kwa Turnitin, programu iliyoanza mwaka 1998: asilimia inayotoa ni ya kufanana kwa maneno tu, haithibitishi wizi. Nukuu zilizotajwa vizuri nazo huhesabiwa humo, na mwalimu ndiye wa kupima.

Hatuwezi kumaliza bila ya kugusa biashara ya kuandikiana. Inafahamika kwamba vijana wengi wasomi wa Nairobi na miji mingine ya Kenya wamejipatia riziki kwa kuwaandikia kazi wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Ukosefu wa ajira ndio uliowasukuma, na uwezo wao ni ushahidi kwamba elimu wanayo. England imeifanya biashara ya kuuza kazi hizo kuwa kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2022. Lakini kuna uchungu wa pekee katika jambo hili: Mkenya anatafiti na kuandika, shahada inachukuliwa na mwingine, na jina la aliyeandika halionekani popote.

Nasaha yetu

Kwa mwanafunzi: anza kuandika vyanzo tangu siku ya kwanza ya kusoma, usingoje usiku wa kuwasilisha. Katika daftari lako weka alama za kunukuu palepale unaponakili maneno ya kitabu, kwa sababu baada ya miezi mitatu hutakumbuka yapi ni yako na yapi ni yake. Tumia programu kama Zotero, ambayo ni ya bure tangu ilipotolewa mwaka 2006, lakini kagua inachokuandikia, hasa majina ya kwetu. Nenda kwa mkutubi, kwani kazi yake ni kukusaidia, na kuuliza si ujinga.

Kwa wazazi na walimu wa nyumbani: mtoto wa darasa la saba akileta insha, muulizeni kwa upole amesoma wapi, amesikia kwa nani. Hilo halihitaji kompyuta wala maktaba kubwa. Akizoea kujibu akiwa mdogo, hatatetemeka akiulizwa mbele ya kamati ya watu asiowajua katika nchi ya baridi.

Nasi karatasi ile tuliiandika upya kwa wiki mbili. Ilitoka fupi kuliko ya mwanzo, na Kiingereza chake hakikuwa kizuri kama cha vitabu. Mwalimu aliisoma mbele yetu mpaka mwisho, akatupa alama za kawaida tu, hamsini na nane. Alama hizo zilikuwa zetu.